Mwanafunzi wa Mkwewe

Ukimuuliza mtu wa Visiga mzee Mwishehe anafanya kazi gani, naye atakuuliza kwanza: mwaka gani? Huo ulikuwa utani wa barazani kwa muda mrefu, na mwenyewe aliucheka pamoja na wenzake, maana hakuwa mtu wa kununa. Alizaliwa Maneromango, Kisarawe, akamaliza darasa la saba, jina lake halikutoka kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari, habari ikaishia hapo. Wenzake waliokosa kama yeye walishika jembe au walishuka Dar kutafuta maisha. Mwishehe alikwenda kubeba magunia kwenye ghala la korosho, na haukupita muda akawa anapanga madaraja ya korosho, kwa sababu alimng'ang'ania mpimaji mpaka akachoka naye akamfundisha. Alipoijua kazi ile hadi mwisho wake, hamu ikamwisha. Akahamia kwa fundi redio pale Kisarawe mjini. Redio nazo alipozimaliza akaenda kwenye mashine ya kusaga, si kwa ajili ya unga, bali kwa ajili ya injini.

Ruvu, kwenye mitambo ya maji, ndiko alikokaa kuliko kwingine kote. Aliingia kibarua wa kufyeka nyasi, akatokea kuwa mwendesha pampu, kaajiriwa, ana kofia na buti za kazi. Ukoo mzima ulishusha pumzi. Kisha siku moja, mwanawe Shamsia akiwa kidato cha tatu, mzee aliacha kazi kwa hiari yake akaingia msitu wa Kazimzumbwi na wafuga nyuki, kisa alitaka kujua nyuki wanampataje malkia. Watu walimwona kapagawa. Baada ya nyuki ikaja Kwala, walipoanza kujenga viwanda. Alibeba vyuma kwa Wachina, akarudi na Kichina cha kutosha kubishana nao na kuwatania. Siku hizi alikuwa anatengeneza friji nyumbani kwake, na friji nazo zilikwishaanza kumchosha.

Aliyelipa karo ya ujuzi wote huo alikuwa mkewe, Mwamini. Mama wa watu hakuwahi kumpigia kelele. Alikaanga samaki stendi ya Mailimoja, jua lake mvua yake, akamsomesha Shamsia mpaka chuo, na presha ilipomwangusha hakuwa amekaa chini hata mwaka mmoja akapumzika kama wanawake wenzake. Shamsia alilizika jambo hilo pamoja na mama yake, lakini hakulifukia sana.

Akikaribia miaka sitini, Mwishehe alijiandikisha kwenye darasa la jioni la watu wazima, pale pale Mailimoja, ili afanye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wenzake darasani walikuwa na sababu zinazoeleweka. Devotha, muuza vitenge, alitaka kwenda chuo cha uuguzi. Wengine walitaka kupandishwa vyeo. Mzee alipoulizwa alisema anataka kuijua hisabati, akaonekana anatania. Hakuwa anatania. Kila alichokijua maishani alikuwa amekidokoa kwa kukaa karibu na mtu anayekijua na kumtazama mikono. Hisabati ilikataa kudokolewa. Alikuwa amesimama miaka na miaka mbele ya mitambo akisoma mishale ikipanda na kushuka, asijue kwa nini, na jambo hilo lilimkera kama jiwe kwenye kiatu.

Mwalimu wao aliitwa Latifu, kijana mwembamba wa Kisarawe, mchana akifundisha sekondari na jioni akija kwa wazee. Alikuwa na haya. Kila alipoingia darasani alikohoa kidogo, akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani, ndipo akawatazama watu. Lakini akishika chaki haya zote zilimwondoka. Siku moja alichora pembetatu ubaoni, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kujua urefu wa tangi la maji akiwa amesimama chini, bila kupanda. Mwishehe alikuwa amelipanda tangi kama lile kwa kamba mara nyingi mno, moyo mkononi, utepe wa kupimia ukiwa kiunoni. Alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipoyafuta yakaendelea kutoka, na darasa zima likajua kwamba mzee sasa halii kwa kicheko. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile, hata siku alipoajiriwa.

Darasa hilo lilikuwa na tatizo dogo la salamu. Mtoto wa shule humwamkia mwalimu wake shikamoo, hilo halina mjadala, lakini mwanafunzi mwenye mvi atamwamkiaje kijana anayeweza kuwa mwanawe? Wengi walilikwepa kwa kusema "habari za jioni, mwalimu". Mwishehe alikataa katakata. Kila Latifu alipoingia, mzee alisimama wima, mikono ubavuni, akatamka, "Shikamoo mwalimu."

"Mzee wangu, usiniamkie hivyo," Latifu alimwambia nje, siku ya kwanza. "Nitapata laana bure."

"Laana ya nini? Humu ndani wewe ndiye mkubwa. Tukitoka nje nitakudai ya kwangu."

Wakakubaliana hivyo. Ndani ya mlango mzee aliamkia na kijana aliitikia, "Marahaba, kaeni." Nje ya mlango kijana aliamkia na mzee aliitikia. Mwanzoni kila mmoja alicheka kidogo akitamka. Baada ya miezi kadhaa hakuna aliyecheka tena, maneno yaliwatoka yenyewe.

Shamsia alikuwa anafanya kazi ya masijala ofisini Kibaha. Jioni moja ya masika alimpitia baba yake na mwavuli, akasimama mlangoni mwa darasa akiwa ameloa, na Latifu akasahau alikuwa anaandika nini ubaoni. Tangu hapo akawa anampitia baba yake mara kwa mara. Masika ile mvua ilinyesha Mailimoja hata siku ambazo haikunyesha. Mwishehe aliona, akajifanya haoni, akaona fahari moyoni. Katika vijana wote wa dunia hii, mwanawe alikuwa amempenda yule aliyemfungulia baba yake mlango.

Shamsia alipomwambia rasmi kwamba Latifu atatuma watu, mzee alitabasamu hadi masikioni.

"Mwalimu wangu?"

"Baba, naomba hilo neno uliache," alisema Shamsia. Alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele, hakuinua macho. "Kwao ni watu wa heshima zao. Mjomba wake, mzee Abdulkadiri, ndiye aliyemlea, na ndiye mwenye sauti. Wao wanajua wewe ni mstaafu wa maji."

"Sikustaafu. Niliacha."

"Ndiyo maana nimesema wanajua hivyo."

Shamsia akaweka ungo chini, akaanza kumweleza taratibu, kama mtu aliyelifanyia mazoezi. Kwa akina Latifu ukwe si mchezo. Mkwe huli naye sahani moja, humtazami usoni akizungumza, ukimwona anakuja kwa njia hii unakwenda kwa njia ile. Mzee Abdulkadiri akisikia kwamba Latifu kila jioni anamsimamisha baba mkwe mtarajiwa na kumkalisha kama mtoto, posa itavunjika siku hiyo hiyo. Latifu mwenyewe alikuwa hajalisema kwao, alikuwa anaogopa.

"Mtihani wangu ni Novemba," alisema Mwishehe. "Nikishaufanya si mwanafunzi wake tena."

"Najua. Ndiyo nakuomba, mpaka Novemba wasijue. Pete ni Agosti. Siku ya pete ikipita salama, ndoa tutaipeleka mpaka Desemba. Wewe utafanya mtihani wako na mimi nitaolewa. Siku moja tu, baba. Ukae, uongee habari za pampu, basi."

"Kuna ubaya gani mtu kusoma?"

Shamsia alimtazama sasa. "Mama alikaa maisha yake yote akingoja umalize kujifunza," alisema, bila kupaza sauti. "Mimi siwezi kungoja."

Ilimchoma. Aliahidi, na alikusudia kuitimiza ahadi, na hapa ndipo mtu anapoweza kumwonea huruma au hasira, achague mwenyewe.

Pete ilifanyika Kisarawe, nyumbani kwa Hemedi, kaka yake Mwishehe. Hemedi alikuwa karani wa serikali tangu ujana mpaka kustaafu, meza moja, kiti kimoja, na aliliona hilo kuwa ni uadilifu. Asubuhi alimvuta mdogo wake pembeni, akamrekebisha kola ya kanzu.

"Leo wewe kaa, mimi nitaongea. Usianze mambo yako ya Kichina."

"Sawa, kaka."

Mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Wageni walipokewa, dua ikasomwa, wanaume wakakaa mikekani sebuleni na wanawake chumba cha ndani, pazia likiwa limefungwa nusu. Mzee Abdulkadiri, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alikaa karibu na Mwishehe akamuuliza kuhusu Ruvu, na Mwishehe akamweleza jinsi maji yanavyonyonywa mtoni, yanavyotulizwa tope, yanavyosukumwa mpaka Dar. Hapo hakudanganya hata neno moja. Abdulkadiri aliridhika. Alimwambia Hemedi kwamba ni nadra siku hizi kumpata mtu aliyeitumikia kazi yake kwa moyo namna hii. Hemedi alikohoa. Pilau ikaletwa, ikaliwa, mikono ikanawishwa, ndipo ukafika wakati wa kumwingiza kijana awasalimie wazee wa upande wa mke, akianza na baba.

Latifu aliingia amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, jasho likimtoka pembeni mwa masikio. Macho ya watu wote yalikuwa juu yake. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika anachokijua. Alisimama mlangoni, akakohoa kidogo, akavua saa ya mkononi.

Miguu ya Mwishehe iliinuka yenyewe. Alijikuta amesimama wima katikati ya wazee waliokaa, mikono ubavuni.

"Shikamoo mwalimu," alisema.

"Marahaba," aliitika Latifu. "Kaeni."

Chumba kizima kilikuwa kimekaa tayari. Nyuma ya pazia mwanamke mmoja alicheka, akidhani ni utani uliopangwa, mwenzake akamfinya akanyamaza. Latifu alisimama na saa mkononi, uso umembadilika rangi. Mwishehe alitaka kukaa, akaona kukaa ndiyo kuharibu zaidi, akabaki amesimama.

"Samahanini," alisema mzee Abdulkadiri, sauti ile ile ya taratibu. "Nimesikia vizuri? Kijana wetu ameamkiwa na mkwewe, naye akaitika?"

Hemedi ndiye aliyelipuka. "Mwishehe, umemwamkia kijana anayemuoa mwanao?"

"Nimemwamkia mwalimu wangu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa hisabati," alisema Mwishehe, na kwa kuwa ahadi ilikwisha kuvunjika akaona bora aseme yote. Akasema habari za darasa la jioni, za mtihani wa Novemba, hata za Ruvu, kwamba hakustaafu bali aliacha mwenyewe. Alisema kwa kifupi na kwa adabu. Laiti wangemcheka. Alikuwa amezoea kuchekwa, kicheko kingepita kama vingine vilivyopita. Lakini hakuna aliyecheka. Walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekutwa na nguo imempasuka nyuma.

Latifu alipiga magoti mbele yake akaomba radhi, kichwa chini kabisa.

"Inuka, mwanangu, hujakosa kitu," Mwishehe alimwambia. "Utaratibu ule niliuanzisha mimi."

Ni kama hakusema. Wazee walikuwa wamekwisha kulishika jambo mikononi mwao na walikuwa wanaligeuza huku na huku kwa upole mkubwa. Hakuna aliyetaka kuvunja posa. Vijana wamependana, chakula kimeliwa, pete iko kwenye sahani. Kilichotakiwa ni kuiweka heshima mahali pake. Mzee mmoja wa upande wa kijana alipendekeza Latifu aache kufundisha jioni. Abdulkadiri akatikisa kichwa, kijana ana maisha yake mbele, kazi ya jioni inamsaidia kujenga.

"Mzee mwenzangu," alimgeukia Mwishehe, "mimi sikukatazi kusoma, kusoma ni jambo jema. Lakini hebu nisaidie. Kijana huyu atamwitaje baba mkwe wake ubaoni, mbele za watu?"

"Ataniita kwa jina. Ndivyo anavyoniita."

Pakawa na minong'ono. Jibu lile lilizidi kumzamisha.

"Novemba si mbali," alisema Mwishehe, na sasa alikuwa anaomba, alijisikia mwenyewe anaomba. "Nipeni mpaka Novemba. Au nitafute darasa lingine, Mlandizi, popote."

"Huendi popote," alisema Hemedi. "Umezunguka inatosha. Watu wa Kibaha watauliza kwa nini umemkimbia mkweo, na kila atakayeuliza atapewa kisa cha leo. Mwache mtoto aolewe, bwana. Mzee mzima unatafuta nini?"

Hilo lilikuwa swali ambalo Mwishehe angeweza kulijibu kwa saa nzima. Alitazama upande wa pazia. Shamsia alikuwa amesimama pale, mikono imepakwa hina, kanga mpya begani. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja tu, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, na Mwishehe aliujua ule ungojaji. Alikuwa ameuona nyumbani kwake miaka mingi, kila aliporudi kusema kwamba ameacha kazi fulani na ameona kitu kingine, kizuri zaidi.

"Nimeacha," alisema.

"Umeacha leo na moja kwa moja?" aliuliza Hemedi, ambaye alikuwa karani na alipenda maneno yakae sawa.

"Leo na moja kwa moja."

Watu wakasema alhamdulillah. Vigelegele vikapanda, halua ikaletwa, Latifu akapelekwa kusalimia upya kama vile hajaingia, safari hii akianza yeye na akiinama mpaka chini. Watu walifurahi kweli. Walikuwa wameiokoa heshima ya mzee, na mzee mwenyewe alikuwa amekaa pale pale anatafuna halua isiyo na ladha, akijibu kila anayempongeza.

Desemba Shamsia akaolewa. Mwishehe alimwozesha kwa mkono wake mwenyewe, hilo walimwachia kwa kuwa sheria inamtaka baba. Alitamka maneno vizuri, hakukosea.

Lakini ilitangulia Novemba, na Novemba ndiyo iliyomkata. Tangu Agosti alikuwa akisoma peke yake kibarazani, baina ya friji moja na nyingine, kwa kuwa alisema ameacha darasa na mtihani, hakusema ameacha vitabu. Historia na uraia vilisomeka. Hisabati ilifunga mlango. Akikosea alijua amekosea, asijue wapi, na hakuna mtu wa kumuuliza. Alibadilisha njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni ili asipite nyuma ya lile darasa, maana madirisha hayakuwa na vioo na sauti ya Latifu ilisikika mpaka barabarani. Latifu naye alikuwa ameshika adabu barabara. Akimwona mzee sokoni aliingia duka lolote lililokuwa karibu, hata la vipodozi, akangoja apite.

Wiki ya mitihani Devotha alikuja na friji yake ya kuuzia juisi, ilikuwa haigandishi. Hakuwa na neno la kumfariji, akasema tu lililokuwepo.

"Meza yako ilikuwepo, mzee. Msimamizi akaita namba yako, nikamwambia haji."

"Ulisema naumwa?"

"Nilisema haji."

Mwishehe alimtengenezea friji, asimwachie mpaka amemuuliza maswali yote yaliyotoka, moja moja. Devotha alipoondoka mzee aliingia ndani akafunga mlango mchana kweupe, akalia. Alilia kwa hasira, akiwalaani wote, Hemedi, Abdulkadiri, hata mwanawe, kisha akamkumbuka Mwamini na sufuria lake la mafuta, akaona hana haki ya kumlaani mtu, na hilo likamuumiza kuliko yote.

Shamsia hakuwa mtoto mbaya. Baada ya harusi alimnunulia baba yake televisheni kubwa na kiti cha kuegemea ili sasa apumzike. Kila mwisho wa juma alipiga simu kuuliza kama anaangalia. Anaangalia, alimjibu. Mwaka mpya ulipoanza watu wa Visiga walingoja waone mzee ataanza ufundi gani tena. Hakuanza kitu. Barazani utani ule ulikufa wenyewe kwa kukosa chakula.

Siku ya Idd walikuja wote wawili kumpa mkono. Shamsia alikuwa na mimba changa, akaenda moja kwa moja jikoni kupakua tambi alizokuja nazo, akaanza kupanga vyombo vya baba yake upya. Latifu alibaki kibarazani na mkwewe. Kiti kilikuwepo, hakukikalia. Alikaa mkekani, miguu ameikunja, macho kwenye kidole gumba cha mguu wake.

Mwishehe alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu Ramadhani ianze. Kulikuwa na hesabu moja ya mabano iliyomshinda. Alikuwa ameifanya asubuhi na jioni, akaiacha, akairudia, na kila mara alipata tano, na kila mara ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu ulisema mbili. Si hesabu kubwa, ni ya watoto wa kidato cha pili. Lakini alikuwa amekwisha kuelewa kwamba asipovuka hapo havuki pengine popote, kwa kuwa lile kosa, lolote liwalo, lilikuwa linamfuata katika kila ukurasa.

Aliokota kipande cha mkaa, akainama, akaiandika hesabu yote kwenye sakafu ya saruji, mstari chini ya mstari, mpaka jibu lake. Hakutaja kitabu kinasema nini. Alitaka kulisikia kwa mdomo wa Latifu.

"Nisaidie hapa, baba," alisema kwa sauti ya chini, ili jikoni wasisikie. "Niambie tu nimekosea wapi. Hakuna mtu."

Latifu alitazama jikoni, kisha akatazama sakafu. Mwishehe alimwona akisoma. Aliyajua yale macho yakishuka mstari kwa mstari, alijua jinsi yalivyokuwa yakisimama ghafla mahali palipoharibika, na yalisimama, kwenye mstari wa pili, pale mabano yalipofunguliwa. Mdomo wa kijana ulifunguka. Mkono ukanyooka kuelekea ule mstari, kidole cha chaki mbele. Mwishehe alishika mkaa vizuri, tayari kusahihisha.

Kidole kilisimama hewani. Latifu alikirudisha, akakipangusa kwenye kanzu, ingawa hakikuwa kimegusa kitu.

"Hujakosea, baba," alisema, macho chini. "Uko sahihi."

"Tano?"

"Tano, baba."

Mwishehe alimtazama kwa muda. Kijana hakuinua uso. Alikuwa anamheshimu kwa moyo wake wote, mtu angeweza kuiona hiyo heshima ilivyomkaa shingoni.

Shamsia alitoka na sinia la tambi, akauliza walikuwa wanazungumza nini.

"Nilikuwa namwonyesha mwenzio hesabu," alisema Mwishehe. "Anasema nimepata."

Shamsia alicheka kwa furaha, akamgeukia mumewe. "Unaona? Si nilikwambia baba yangu ana akili."

Akaliweka sinia chini, juu ya ile mistari ya mkaa, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Latifu alisogea nyuma ili mzee aanze kula.